Uso unaochonyota baada ya kunyunyizia nyanya dawa

Siku moja ya soko, alasiri, kijana wa miaka ishirini na kitu aliingia katika kliniki yangu hapa Kagio akiwa ameushika uso kwa viganja vyote viwili. Mamake alikuwa nyuma yake, na kabla sijauliza neno alisema, "Daktari, mtoto wangu amepatwa na kiharusi." Kijana mwenyewe alieleza kwamba mashavu, midomo na paji la uso vilikuwa vikimchonyota kana kwamba amepakwa pilipili. Kila upepo ulipompiga alihisi kama anadungwa na sindano nyingi ndogo ndogo. Hakuwa na homa. Alizungumza vizuri, na mikono na miguu yake ilikuwa na nguvu zote.

Nilimwuliza alikoshinda asubuhi. Alikuwa katika shamba la nyanya akinyunyizia dawa ya kuua nzi weupe, pampu mgongoni, bila kitambaa usoni wala glavu mikononi. Kila jasho lilipomtoka alijipangusa kwa mkono ule ule uliochanganya dawa.

Msomaji mpendwa, hicho hakikuwa kiharusi, na mama yule alirudi nyumbani akiwa amepoa moyo. Lakini kwa kuwa wagonjwa wa aina hii huja mara kwa mara, hasa msimu wa nyanya na mishiri, nimeona ni vyema nieleze kilichokuwa kikitendeka ndani ya ngozi ya kijana huyo. Ukielewa jambo hilo, utaelewa pia kwa nini sindano ya daktari wa meno huleta ganzi, kwa nini chandarua kilichotiwa dawa humuua mbu bila kumdhuru mtoto anayelala ndani yake, na kwa nini mgonjwa wa figo huambiwa aache ndizi.

Ndani na nje ya seli

Sote tumesikia kwamba mishipa ya fahamu, ambayo wengi siku hizi huiita neva, hupeleka habari kwa umeme. Ni kweli, lakini si umeme kama huu wa stima unaowasha taa nyumbani. Umeme wa neva hutokana na chumvi.

Chumvi ya mezani ikiyeyuka katika maji hugawanyika vipande viwili, sodiamu na kloridi. Kila kipande hubeba chaji ya umeme, sodiamu chanya na kloridi hasi. Vipande vya namna hii huitwa ioni. Mwili wako una majimaji yenye ioni hizi ndani ya seli na nje yake, ila hazikugawanywa sawa. Katika lita moja ya majimaji yaliyo nje ya seli mna milimoli 145 hivi za sodiamu, ilhali ndani ya seli ya neva mna 12 hivi tu. Potasiamu, ambayo ni ndugu ya sodiamu, imekaa kinyume: ndani milimoli 140 hivi, nje 4 hivi.

Tofauti hiyo haikujileta. Katika utando wa kila seli mna pampu ndogo mno zinazotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, usiku na mchana, hata ukiwa usingizini. Jens Skou, mwanasayansi wa Denmark, ndiye aliyeifichua pampu hii mwaka wa 1957, na akatunukiwa Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye, 1997. Sehemu kubwa ya nguvu ambazo ubongo hupata kutoka kwa chakula hutumika kuziendesha pampu hizo. Ndiyo maana mtu aliyepungukiwa sana na sukari mwilini huchanganyikiwa haraka hivyo.

Potasiamu kidogo huvuja kurudi nje, ikiacha ndani ya seli kukiwa na chaji hasi. Ukipima umeme kati ya ndani na nje ya neva iliyotulia, utapata milivolti 70 hivi. Betri moja ya tochi huzidi hapo mara ishirini na zaidi. Usiudharau, lakini, kwa sababu utando wenyewe ni mwembamba kupindukia, na kwa unene kama huo milivolti 70 ni msukumo mkubwa sana.

Hapa niweke neno kwa wenye ugonjwa wa figo. Figo ndizo zinazotoa potasiamu ya ziada katika mkojo. Zikishindwa, ile milimoli 4 ya nje hupanda hadi 6, 7 au zaidi, na umeme wa seli zilizotulia huharibika. Misuli hulegea, na moyo, ambao nao hupiga kwa umeme huu huu, waweza kusimama bila onyo. Sisi watu wa Kirinyaga tumezungukwa na ndizi, nyanya na maparachichi, na vyote hivyo vina potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima ale atakavyo. Mwenye figo zilizochoka asidhani daktari anamwonea wivu anapomhesabia ndizi.

Kama mageti ya maji ya Mwea

Aliyewahi kutembea katika mashamba ya mpunga ya Mwea ameona jinsi maji kutoka mto Thiba na mto Nyamindi yanavyopitishwa katika mifereji. Maji husimama nyuma ya geti. Geti likiinuliwa, hakuna haja ya injini, maji hujiporomokea yenyewe hadi shambani kwa sababu upande mmoja uko juu kuliko mwingine.

Neva imejengwa hivyo hivyo. Sodiamu imerundikana nje, na katika utando mna mageti yanayoruhusu sodiamu peke yake kupita. Neva ikiwa imetulia, mageti hayo yamefungwa. Kitu kikikugusa, tuseme mwiba umekuchoma kidole, umeme wa mahali hapo hubadilika kidogo, na badiliko hilo lenyewe ndilo linalofungua mageti. Sodiamu hujimwaga ndani. Kwa kuwa ina chaji chanya, ndani ya neva panageuka: kutoka hasi 70 hadi chanya 30 au 40. Mageti jirani huhisi mageuko hayo, nayo hufunguka, kisha yanayofuata, na yanayofuata, hadi habari ifike kwenye uti wa mgongo na hatimaye ubongoni.

Geti la sodiamu halikai wazi. Baada ya muda wa elfu moja ya sekunde hivi hujifunga lenyewe, na mageti mengine, ya potasiamu, hufunguka ili potasiamu itoke na kurudisha hali ya kwanza. Mshumbi wote huo, kupanda na kushuka, huisha kabla hujapepesa jicho. Kumbuka jambo hilo la geti kujifunga, kwa maana ndilo lililomleta kijana wetu kliniki.

Tulijuaje haya? Kwa msaada wa ngisi. Ngisi ana neva moja nene ajabu, yaweza kufikia karibu milimita moja, ambayo humsaidia kukimbia adui. Mwaka wa 1939 Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliingiza waya mwembamba ndani ya neva hiyo katika maabara ya viumbe vya bahari huko Plymouth, wakapima umeme wake kutoka ndani. Vita Vikuu vya Pili viliwatawanya. Waliporejea walipima mwendo wa sodiamu na potasiamu kwa zamu, wakafanya hesabu ndefu kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, na mwaka wa 1952 wakachapisha maelezo ambayo wanafunzi wa udaktari husoma hadi leo. Walipata Nobel mwaka wa 1963, pamoja na John Eccles wa Australia. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni niliichukia sana mada hii, kwa sababu ilifundishwa kama hesabu tupu bila mgonjwa.

Jambo jingine ambalo watu hukosea ni kasi. Stima hufika nyumbani kwako mara moja tu swichi inapobonyezwa. Neva ni ya polepole zaidi. Zile nene, zilizofunikwa kwa mafuta, hufikia mita 100 kwa sekunde. Nyembamba zisizofunikwa hutambaa kwa mita moja hivi kwa sekunde. Siku utakayojikwaa kidole cha mguu kwenye jiwe, angalia: kwanza utasikia maumivu makali ya ghafla, halafu, baada ya kitambo kidogo, yatafuata maumivu mazito yenye kuunguza. Ni habari moja iliyosafirishwa kwa magari mawili, moja la kasi na jingine la mizigo.

Wanaoziba na wanaofungua

Dawa nyingi na sumu nyingi hufanya kazi kwenye geti hili la sodiamu. Zingine huliziba. Lignokaini, ile dawa ambayo daktari wa meno hukudunga kabla ya kung'oa jino, huingia ndani ya neva na kulikaa geti kutoka upande wa ndani. Jino huendelea kuumizwa, lakini habari haiondoki. Dawa hii haifanyi kazi vizuri mahali penye usaha kwa sababu pana asidi, na katika asidi dawa hushindwa kupenya utando. Kwa hiyo daktari akikuambia umeze dawa kwanza na urudi jipu likishatulia, si kwamba anakuzungusha.

Wenzetu wa pwani wanamjua bunju, samaki anayejivimbisha akiguswa. Ana sumu, hasa katika ini na mayai yake, ambayo huziba mageti ya sodiamu kutoka nje. Aliyemla huanza kwa ganzi ya midomo na ulimi, kisha misuli hulegea hadi ile ya kupumua. Akili hubaki timamu. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Mgonjwa husaidiwa kupumua kwa mashine mpaka iishe mwilini.

Zingine hufanya kinyume: hulizuia geti lisijifunge. Hapa ndipo ua la pareto linapoingia, ua ambalo limewasomesha watoto wengi katika nyanda zetu za juu. Pareto ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na Vita Vikuu vya Pili vilipokatiza biashara ya Japani, Kenya ikawa ndiyo muuzaji mkubwa duniani. Baadaye wakulima wengi waliing'oa kwa kuchoka kungojea malipo, na kisiwa cha Tasmania huko Australia kikatupita. Lakini dawa iliyomo ndani ya ua lile haijapitwa. Wadudu wanapoigusa, mageti yao ya sodiamu hubaki wazi kupita muda wake. Neva hupiga tena na tena bila kukoma, mdudu hutetemeka, huanguka, hupooza.

Pareto ya asili ina udhaifu mmoja. Jua huiharibu upesi. Wanakemia walitafuta njia ya kutengeneza kitu kama hicho kinachostahimili jua, na katika miaka ya 1970 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, walitoa permethrini na deltamethrini. Jamii hiyo huitwa pairethroidi. Ndizo zinazotiwa katika vyandarua, na ndizo zinazouzwa katika maduka mengi ya agroveti kwa ajili ya nyanya, kabeji na mishiri. Baadhi yake hulishikilia geti wazi kwa muda mrefu zaidi kuliko pareto yenyewe.

Sasa rudi kwa kijana wetu. Dawa iliingia kidogo tu katika ngozi ya uso, ambayo ni nyembamba na imejaa ncha za neva. Mageti ya ncha hizo yalikataa kujifunga. Upepo mmoja ukimgusa, neva ambayo ingepiga mara moja hupiga mara nyingi, na ubongo, ambao huhesabu tu idadi ya mapigo, huamua kwamba uso unaungua. Uso wenyewe hauna jeraha lolote. Ndiyo maana ukiangalia ngozi ya mtu kama huyo mara nyingi huoni kitu.

Kwa nini mbu afe na sisi tupone

Msomaji atauliza, ikiwa mtu naye ana mageti hayo, mbona tunalala salama chini ya chandarua? Sababu ni kadhaa. Geti la mdudu limeumbwa tofauti kidogo na letu, na pairethroidi hulishika kwa nguvu zaidi. Dawa hizi huwa kali zaidi mwili unapokuwa baridi, na mbu hana joto kama letu. Mbu ni mdogo, akitua chandaruani kwa miguu yake sita amejipaka dozi kubwa. Na sisi tuna ini linaloivunja dawa haraka kabla haijafika mbali. Chandarua kipya chaweza kuwasha uso au kuleta chafya siku za kwanza. Kitundike kivulini kwa saa 24 kabla ya kukitumia, hali hiyo itapungua.

Hata hivyo mbu naye amejifunza. Mwaka wa 2000 watafiti walieleza kwamba baadhi ya mbu wa malaria kutoka magharibi mwa Kenya walikuwa na geti la sodiamu lililobadilika mahali pamoja tu, kipande kimoja katika mlolongo wa vipande zaidi ya elfu mbili. Badiliko hilo dogo linatosha kuifanya dawa ishindwe kulishika geti vizuri, iwe ni pairethroidi au DDT, kwa kuwa zote mbili hulenga mahali hapo hapo. Kwa sababu hiyo baadhi ya vyandarua vya siku hizi hutiwa dawa ya pili. Chandarua bado ni kinga, kwa kuwa hata mbu sugu hapiti kwenye kitambaa kisichotoboka. Lakini kila anayemwaga dawa za shamba ovyo karibu na maji ya mpunga anawafunza mbu.

La kufanya

Ukipatwa na mchonyoto wa namna hii, vua nguo za kazi, oga kwa sabuni na maji baridi mengi. Usitumie maji moto, na usikae juani wala karibu na jiko, kwa maana joto na jasho huzidisha mchonyoto. Mafuta yenye vitamini E hupunguza makali. Hali huanza baada ya nusu saa hadi saa chache, na kwa kawaida huisha kabla ya saa 24, kwa wachache siku mbili. Dawa ikiingia machoni, yaoshe kwa maji safi kwa dakika 15 na umwone daktari.

Tofauti na kiharusi ni hii. Kiharusi huondoa nguvu: mdomo huenda upande mmoja, mkono mmoja hauinuki, maneno hayatoki sawasawa. Mchonyoto wa dawa hauondoi nguvu, na hukaa pale dawa ilipogusa. Ukiona dalili za kiharusi usipoteze dakika kumwosha mtu, mpeleke hospitali.

Kuna hatari nyingine ambayo naiogopa zaidi. Si dawa zote za shamba ni za jamii ya pareto. Zile za oganofosifati na kabamati haziligusi geti la sodiamu. Huharibu mahali neva inapokutana na msuli au neva nyingine, na huua. Aliyeathirika hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, huendesha, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya kalamu, na pumzi hujaa makohozi. Huyo anahitaji atropini katika hospitali, mara moja. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe haraka huku gari likitafutwa, naye anayemwosha avae glavu. Ikiwa ameimeza dawa, usimtapishe. Maziwa ambayo wengi hupewa baada ya kunyunyizia ni chakula kizuri, lakini hayaondoi sumu, na nimeona watu wakicheleweshwa nyumbani wakinyweshwa maziwa hadi wakashindwa kupumua. Beba chupa ya dawa au kibandiko chake. Daktari akisoma jina la dawa, anaokoa muda mwingi ambao angeutumia kubahatisha.

Usioshe pampu katika mfereji. Pairethroidi, hata kidogo, huua samaki.

Kijana wetu alirudi siku ya tatu, uso umetulia, akiwa na swali ambalo sikulitarajia. Dawa iliyobaki ilikuwa imeandikwa permethrini, na mbwa wa nyumbani walikuwa na viroboto. Je, angeweza kuwapaka? Nilimwambia dawa ya shamba haipakwi mnyama, aende kwa daktari wa mifugo apewe iliyotengenezewa mbwa. Kisha nikamwuliza kama wana paka. Walikuwa naye, analala na mbwa hao. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrini vizuri kama la mbwa au la mtu. Paka aliyepakwa dawa ya mbwa, au aliyejilaza juu ya mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita, hutetemeka mwili mzima na aweza kufa. Akaamua mbwa wapakwe, na paka alale jikoni siku tatu.